Mashine Haina Mjomba

Musoma, jioni ya kuamkia safari yako

Nyangeta mwanangu,

Ungekuwa mtoto wa mama mwingine ungeagwa kwa mdomo. Lakini leo mchana, ulipokuwa ukikunja mashuka yako, nilifungua kinywa, nawe ukaniambia bila kugeuka: "Mama, kila kitu kwako ni hotuba." Baba yako, aliyekuwa barazani akifunga kiroba cha dagaa utakachobeba, akacheka kidogo akasema: "Mwandikie. Ukisema atasikia kampeni."

Basi naandika. Usitafute humu habari za chakula, za chandarua, wala za kanisa utakalosali huko Manyamanyama, Bunda. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na majirani. Nina neno moja tu, nami nimeshindwa kulisema kwa kinywa kwa sababu kinywa changu hakina tena dhamana katika nyumba hii. Neno lenyewe linahusu ile picha.

Ulinitumia wiki iliyopita kutoka Bunda, siku ulipokwenda kuonyeshwa ofisi ya mnada wa ng'ombe utakayofanyia kazi. Umesimama kando ya kompyuta, umevaa gauni la bluu, unatabasamu kama mtu aliyekabidhiwa jimbo. Baba yako alisema umependeza. Mimi, unisamehe, sikuutazama uso wako. Nilitazama ubavu wa ile mashine nyuma yako. Pana karatasi imebandikwa, imegeuka njano, na juu yake yameandikwa kwa kalamu nene, kwa mwandiko wangu: ISIGUSWE NA MTU YEYOTE.

Chini ya picha uliandika: "Karatasi yako bado ipo, Mama. Watu wanacheka!"

Nilikuuliza mashine hiyo imefikaje pale, ukanijibu kwa wepesi. Radi ilipiga nguzo ya umeme mvua zilipoanza, ikaunguza kompyuta mpya, na Katibu wa umoja wa wafugaji akakumbuka kwamba stoo ipo nyingine. Wakaifuta vumbi, wakanakili ndani yake orodha mpya ya ng'ombe walioibiwa, wakaiwasha, ikawaka. "Nimeifungua orodha mwenyewe, Mama, ni ya mwezi huu. Tumejaribu kupitisha ng'ombe, wote wametoka safi."

Niliposoma maneno hayo niliyatambua. Yalikuwa maneno yangu. Niliyasema mimi, mbele ya mashine hiyo hiyo, kabla mtu hajavunjwa mguu.

Kisa hicho unakijua kwa vipande. Ulikuwa shule ya bweni wakati ule, na vipande ulivyopata uliletewa na matusi ya wenzako, jambo ambalo sijapata kukuomba radhi ipasavyo. Leo nakipanga kwa ukamilifu. Sikipangi ili nisafishwe. Kila mtu wa Mara aliyewahi kuuza ng'ombe anajua nilichofanya. Nakipanga kwa sababu kesho kutwa utakaa kwenye kiti kile kile, na mambo yote yaliyokuwa mezani siku ile yamekwisha kurudishwa mezani, moja baada ya jingine, kana kwamba kuna mkono unaoandaa.

Nianze chuoni, maana ndiko nilikoharibikia. Umeona picha zangu za ujana, nimesimama juu ya tenki la maji la bweni, ngumi juu, na umati chini yangu. Mabomba yalikuwa yamekauka muhula mzima. Nilipanda pale nikauliza: "Nani anakunywa maji yetu?" Swali hilo, mwanangu, ni tamu kuliko asali. Halihitaji fundi, linahitaji jina tu. Nikalitaja jina la msarifu wa bweni, umati ukaitikia, na kabla ya wiki kwisha msarifu alikuwa amefukuzwa na vitanda vyake vimetupwa nje. Mabomba yakabaki makavu. Baadaye ilibainika kwamba bomba kubwa lilikuwa limepasuka chini ya uwanja wa mpira, mahali tulipokuwa tukikusanyika kudai maji. Tulikuwa tumesimama juu ya jibu. Lakini nani alijali? Tulikuwa tumeshinda. Nami nikatoka chuoni na shahada pamoja na ugonjwa mmoja: kila kitu kilipoharibika, niliuliza nani kabla sijauliza wapi.

Nikarudi Mara na ugonjwa huo. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umewafanya watu walale macho wazi, na wafugaji walipoungana kuanzisha ukaguzi mnadani, mimi ndiye niliyewaandikia programu. Unaijua inavyofanya kazi: ng'ombe ana hereni sikioni yenye namba; akifika langoni skana inaisoma; programu inaitafuta namba hiyo katika orodha ya walioibiwa; ikiikuta, king'ora kinalia na lango linafungwa. Jambo rahisi, safi, la haki. Niliamini nimewaletea watu wetu hakimu asiyekula rushwa.

Wazee wengi waliiogopa. Walisema hereni ni hirizi ya serikali. Aliyesimama upande wangu alikuwa mmoja, Mzee Wambura wa Butiama, kutoka miji ya upande wa Mwitongo, mtu wa rozari shingoni na mzaha mdomoni. "Anzeni na zangu," aliwaambia wenzake. "Zikifa, mtakula nyama bure. Zikipona, mtaacha uoga."

Tukaenda bomani kwake kufanya mafunzo. Ili watu wakisikie king'ora kikilia, nilihitaji ng'ombe wa kuigiza walioibiwa. Na ng'ombe waliokuwepo walikuwa wake. Nikaziandika namba za kundi lake katika faili nililoliita walioibiwa. Fahali wake mwekundu akapita, king'ora kikalia, watoto wakapiga makofi, na Mzee akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Hee! Leo nimekuwa mwizi wa ng'ombe zangu mwenyewe!" Tulicheka mpaka machozi. Mama mwenye nyumba akatuletea maziwa ya mgando.

Sasa nisikilize hapa kwa makini, maana hapa ndipo nyoka alipotagia.

Programu hiyo ya mafunzo, pamoja na orodha yake ya uongo, niliiweka katika folda ya mwanzo ya kompyuta, ile tunayoiita nyumbani. Mafunzo yalipokwisha nilifungua folda nyingine, nikaiita mnada, nikahamishia huko programu na orodha ya kweli, nayo kwa jina lile lile: walioibiwa. Ile ya uongo sikuifuta. Niliiona kama vumbi la ujenzi. Na ndani ya programu sikuandika njia kamili ya kufikia orodha; niliandika jina lake tu. Ni sawa na kumwambia mtoto, "Lete chungu kilicho jikoni," bila kumtajia jiko la nani. Ataingia jiko la nyumba aliyosimama. Akiwa kwako, atakuletea chungu chako. Akiwa kwa jirani, atakuletea cha jirani, naye atakukabidhi kwa mikono miwili na heshima zote, kwa kuwa kwa upande wake ametii.

Na kulikuwa na aliyemhamisha mtoto. Skana haizungumzi na programu moja kwa moja. Kati yao kuna kifurushi cha programu kilichotengenezwa na watu wengine. Nilikipakia kutoka kwenye flashi, kwa kuwa mnadani hakukuwa na mtandao, nacho kilikuwa toleo la zamani. Toleo hilo lilikuwa na tabia moja: kila lilipoitwa, kabla halijasoma hereni yoyote, liliirudisha programu nzima katika folda ya nyumbani, kimya kimya, bila kuaga. Watengenezaji walikuwa wamekwisha kuligundua kosa hilo na kutoa toleo jipya. Tangazo nililiona. Nilisema nitasasisha msimu ukiisha. Programu ilikuwa inafanya kazi, nami nilikuwa na mikutano.

Basi tukafungua mnada. Na unajua kilichotokea? Hakuna. Hakuna kabisa! Kila ng'ombe aliyepita alipita safi, kwa kuwa alikuwa akitafutwa katika orodha ya ng'ombe wa Mzee Wambura. Waliotoka wizini walipita safi. Waliosafirishwa usiku kutoka maboma ya watu walipita safi, wakauzwa mchana kweupe. Nasi tukajisifu kwamba wizi umekwisha Bunda. Nilihutubia juu ya jambo hilo. Ukimya ule niliuita amani, Nyangeta, na kumbe ulikuwa ukimya wa mtu anayelenga.

Kisha siku moja Mzee Wambura akaleta fahali mwekundu.

Wiki ile ile watu wa Kibara walikuwa wameibiwa, na walikuja mnadani wengi, na fimbo, na macho ya watu wasiolala. King'ora kikalia. Lango likafungwa. Mzee mwanzoni alicheka. Akainua mikono juu kama alivyofanya bomani kwake, akidhani nawatania watu. Hakuna aliyecheka naye.

"Rozari shingoni, ng'ombe wa watu mkononi!" mtu akapaza sauti.

"Kumbe ndiyo maana zake zinazaaga kila mwezi!"

"Mzee, utubu kwanza, tutakuzika baadaye!"

Akanitafuta kwa macho. "Mama Nyangeta, waambie. Huyu nimemzalisha kwa mikono yangu. Wewe unazijuaga ng'ombe zangu."

Nilizijua. Ndilo jambo linaloniamsha. Sikuwa nimemsahau fahali yule. Nilimtambua, na nikajiambia kwamba hata rafiki huiba, na kwamba ukubwa wa mtu ni kumhukumu rafiki yake bila kupepesa jicho. Nilijiona shujaa.

Wazee wa mnada hawakukubali haraka. Wakasema, kama ilivyo desturi yetu, nyayo zifuatwe kwanza. Unaijua desturi: ng'ombe akiibiwa yowe hupigwa, vijana huzishika nyayo za kwato, na kijiji zinapoingia ndicho kinachojibu; kikitaka kujinasua, sharti kionyeshe mahali zilipotokea kwenda mbele. Siku ile walizifuata kinyume, kutoka langoni kurudi nyuma. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi, zikasomeka vizuri. Vijana wakarudi na jibu: fahali ametoka njia ya Butiama, amelala kwa shemeji wa Mzee, na hakuna mahali nyayo ngeni zilipomwingilia. Mkubwa wao akasema wazi: "Huyu anatoka kwao. Nyayo zinasema hivyo."

Nyayo zilisema hivi, mashine ilisema vile, na watu wakageuka kunitazama mimi. Kipaza sauti kilikuwa mezani. Mwanangu, kama kuna jambo naliomba usirithi kwangu, ni jinsi mkono wangu ulivyokiendea kile kipaza sauti bila mimi kuutuma.

Nikasema: "Ndugu zangu, nyayo hufuatwa na watu, na watu wana shemeji! Watu wana wajomba! Nyayo hununuliwa kwa kibuyu cha pombe! Mashine hii hainywi, haiogopi, haina kabila, haina ukoo. Mashine haina mjomba!"

Umati ukaitikia: "Haina mjomba!" Nikarudia. Wakaitikia tena. Nilisikia raha ile ya juu ya tenki la maji ikinirudia mwilini. Na waliporuka uzio bado walikuwa wakiitamka, kwa pamoja, kwa mdundo, sentensi yangu. Walimpiga kwayo.

Askari walifika kabla hajafa. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pabaya, unamwona anavyotembea.

Ungedhani hapo ndipo nilipozinduka. La. Kesho yake nilifungua orodha ili niichapishe iwe ushahidi dhidi yake, na namba ya fahali haikuwemo. Nikaitazama tena, haikuwemo. Unadhani nilisema, "Pengine tumekosea"? Nilisema, "Nani ameifuta?" Nikamshutumu karani wa lango, akalia mbele ya mke wake. Nikamshutumu Katibu kwamba amehongwa na ukoo wa Mzee. Nikamshutumu muuza skana. Nilipomaliza maadui ndipo nilipobaki peke yangu na mashine, bila umati, bila mtu wa kutaja.

Hapo nilifanya, kwa kukosa jingine, kile ambacho nilikuwa nimekitukana hadharani. Nilifuata nyayo. Kati ya kila hatua ya programu na inayofuata niliingiza mstari mmoja wa kuiuliza: umesimama wapi? Nikaiwasha. Ilipoanza ikajibu: mnada. Ilipofungua dirisha la lango ikajibu: mnada. Ikakiita kile kifurushi cha skana, nami nikauliza tena, na herufi zikaandikwa pale kwenye skrini, ndogo, tulivu, zisizo na aibu: nyumbani.

Nikafungua folda ya nyumbani. Faili la walioibiwa lilikuwepo. Ndani yake, kundi zima la Mzee Wambura, kama nilivyoliandika siku tuliyokunywa maziwa yake.

Mashine haikuwa imedanganya, na hakuna aliyefuta kitu. Kila kipande kilitii kilichoambiwa, kikiwa kimesimama mahali pengine. Na mtu aliyetuamini kabla ya wengine wote ndiye pekee katika mkoa mzima ambaye mashine yetu ingeweza kumwita mwizi.

Nilikwenda hospitalini kumwambia. Nilieleza folda, nikaeleza kifurushi, nikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaugeuza uso kuelekea ukutani, akasema: "Kumbe ng'ombe zangu zilifundisha vizuri. Mashine ikakataa kusahau."

Sasa ungetegemea kwamba niliondoa kile kifurushi na kufuta lile faili, mambo yakaisha. Hapa ndipo kosa langu la mwisho, na ndilo lililo hai mpaka jioni hii. Nilikuwa bado na hotuba ndani. Nilitaka uchunguzi, nilitaka tume, nilitaka dunia nzima ijue jinsi teknolojia inavyoletwa kwa maskini bila kutunzwa. Nikatangaza kwamba kompyuta ile ni ushahidi, isibadilishwe hata herufi, nikabandika karatasi yangu ubavuni, nikajiuzulu kwa barua kali. Tume haikuja. Umoja ukanunua kompyuta nyingine, na programu yake ikasafishwa na kijana wa Mwanza. Ile ya ushahidi ikawekwa stoo ilivyo: kifurushi kile kile, faili lile lile, ikasubiri. Nimeihifadhi hatari kwa ustadi, mwanangu. Hakuna aliyeigusa. Nilikuwa nimekataza.

Ndiyo iliyo nyuma yako pichani.

Niliikuza picha hadi nikaisoma skrini. Mistari yangu ya kuuliza bado imo, nawe uliniambia ni "maneno tu ya kuanzia, Katibu anasema yalikuwepo siku zote." Yasome. Wa kwanza unasema mnada. Wa pili unasema mnada. Wa tatu, ulio karibu na bega lako, unasema nyumbani.

Nilimpigia Katibu siku ile ile. Nilijitahidi nisihutubu.

"Katibu, ile mashine msiitumie. Kifurushi chake ni cha zamani."

"Inafanya kazi vizuri kabisa, Mama Nyangeta. Na wewe si ndiye uliandikaga isiguswe? Sisi tunatii!" Akacheka.

"Niliandika iwe ushahidi."

"Ushahidi wa nini tena, mama? Kesi iliishaga. Mzee alisamehe. Wewe ndiye hujajisamehe, halafu unataka tufunge mnada." Kisha akalegeza sauti. "Mtoto yuko vizuri. Siku ya kwanza tutampa kipaza sauti awasalimie watu. Ana sauti kama yako."

Hilo la kipaza sauti hukuniambia. Silaumu. Ningekuwa mimi, nisingemwambia mama mwenye sifa zangu.

Kwa hiyo orodha uliyoifungua ni mpya, na ni ya kweli, na mashine haiitazami. Ng'ombe mliowapitisha wametoka safi kwa sababu kila ng'ombe atatoka safi, aliyeibiwa na asiyeibiwa. Isipokuwa wachache. Kundi la Mzee limepungua; wengi wa wale wa mafunzo wamekufa au kuliwa. Wamebaki ng'ombe jike wawili wazee, na hereni zao bado ziko masikioni.

Tiba si ngumu. Ndani ya mkoba wa kompyuta yako nimeweka flashi yenye toleo jipya la kifurushi. Ukishalipakia, andika katika programu njia kamili ya orodha, mpaka folda ya mnada, mashine isipate nafasi ya kubahatisha jiko. Kisha lifute lile faili la nyumbani, ulifute wewe, na uchukue namba ya ng'ombe aliyeibiwa kweli uipitishe. King'ora kisipolia, hujamaliza. Ng'ombe safi anayepita safi hathibitishi chochote. Hilo nilijifunza kwa mguu wa mtu mwingine. Na ing'oe karatasi yangu. Nakuruhusu. Nakusihi.

Kigumu ni watu. Katibu atakwambia lango linasubiri, wanunuzi wamefika, na mama yako alikuwaga na matatizo. Wataguna. Watasema mtoto wa Mama Nyangeta ameanza. Nawe una sauti kama yangu; utatamani kuwajibu. Kipaza sauti kitakuwa karibu na mkono wako wa kulia, nakijua kilipo. Kiache. Waache wakuzomee ukiwa umewapa mgongo, unaisoma mistari mitatu kwenye skrini. Kuna ushujaa usiopigiwa makofi, nami sikuwahi kuwa nao. Nakuombea wewe uwe nao kwa asubuhi moja.

Umenitaka nisije mnadani, nami nimekuahidi. Nikitokea pale watakumbuka sentensi yangu, na ukikosea watakuwa nayo mdomoni tayari. Nitabaki hapa Musoma.

Nilikuwa nimeazimia kuimaliza barua hii hapo juu, kwa baraka. Lakini ulipotoka kwenda kuwaaga kina shangazi yako, alipita Mzee Wambura, amekuja mjini kuchukua dawa ya mguu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa barazani na fimbo yake kati ya magoti. Nikamweleza kwamba mashine imerudi. Sijui kama alinielewa; alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya mvua ya mbali. Kisha akaniambia kwamba amesikia Nyangeta ndiye atakayekaa langoni siku ya mnada, na moyo wake umefurahi.

"Nilikuwa nimeapa sirudi pale," alisema. "Lakini nikajiambia, akiwepo mtoto wa nyumbani, naenda. Nitampeleka yule ng'ombe mweupe mzee, wa siku zile za maziwa."

"Mzee, subiri mnada ujao," nikamsihi. "Nakuomba."

Akacheka, akainua mikono juu, kama siku ile. "Mama Nyangeta, mara hii sitauogopa mlio. Si Nyangeta yupo?"

Nikamfuata mpaka barabarani nikimsihi. Hakugeuka. Watu wa Kibara nao, nasikia, wameibiwa tena wiki hii.

Kwa hiyo usinitumie salamu ukifika, wala usiniambie umelala wapi. Siku ya mnada, kabla lango halijafunguliwa, nitumie neno moja lililoandikwa katika mstari wa tatu. Likiwa mnada, nitapiga magoti na baba yako tushukuru. Likiwa nyumbani, lifunge lango, mwanangu, na ulifunge hata kama itabidi usimame mbele yake kwa mwili wako. Neno lisipokuja kabisa, nitaivunja ahadi yangu.

Na uwahi. Ng'ombe mzee hutembea polepole, kwa hiyo Mzee Wambura ataondoka Butiama mapema kuliko wote. Siku zote amekuwa wa kwanza langoni.

Mama yako